Mguu wa Kulia wa Mwalimu Tekla

Daktari Chilumba tulimzika Jumatano, kijijini kwao upande wa Newala, na watu waliosimama kutoa rambirambi walisema jambo moja kwa maneno mbalimbali: kwamba maisha yake yote hakuwahi kumvunja moyo mgonjwa. Mzee mmoja alisema aliingizwa kwake akiwa amebebwa, akatoka amenyooka. Mama mmoja alisema marehemu dada yake hakupona, lakini alikufa akiwa na matumaini, na hiyo peke yake ni tiba. Kisha wakanigeukia mimi, maana wote walijua kwamba mwanafunzi wake wa kwanza wa sindano za Kichina nilikuwa mimi. Nikasimama, nikasema marehemu alinifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, Mungu amrehemu, nikakaa. Sikuongeza neno. Njia nzima ya kurudi Mtwara nilikuwa nikijiuliza kama nilinyamaza kwa heshima au kwa woga.

Nina chumba kimoja Magomeni ya hapa hapa Mtwara, vitanda viwili na pazia katikati. Wanakuja wapakuzi wa bandarini wenye viuno vilivyokaza, wanakuja wanawake wanaobangua korosho, vidole vimekufa ganzi, wanakuja walimu wanaoumwa vichwa na mabega. Nawalaza, nawachoma, nawaacha walale nusu saa, na wengi husema kitu kilichowasaidia zaidi ni ile nusu saa ambayo hakuna mtu aliyewaita. Mengi ninayowapa si sindano. Nawaambia wapunguze chumvi, wanywe maji kabla hawajaona kiu, watembee asubuhi jua halijawa kali, na wasiache vidonge vya presha eti kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Hakuna hata moja kati ya haya litakalomzuia mtu kufa, na siku hizi, nikiwa nimeshavuka hamsini, nalisema hilo bila kushusha sauti. Mgonjwa akiniuliza kama atapona, namjibu ninachokijua. Hilo sikufundishwa na Daktari Chilumba. Nilijifunza katika nyumba moja Rahaleo, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na miwili, na sikujifunza kwa njia ya kujivunia.

Mwaka huo nilikuwa na miezi minane tu kwa Daktari. Yeye alikuwa amejifunza kwa Wachina, kwao huko huko, na alirudi na sanduku la sindano nyembamba kama unywele na mchoro wa mwili wa binadamu uliojaa vitone. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mtu. Nilichoma mche wa sabuni ya kufulia, nikachoma papai bichi, halafu nikachoma paja langu mwenyewe, mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Ndipo akaja Bonifasi. Alikuwa mkubwa wa ofisi fulani bandarini, mtu mrefu, shati limenyooshwa, mwenye adabu sana. Mama yake, Mwalimu Tekla, mstaafu, alikuwa ameanguka uani akianika nguo. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamempotea. Hospitali walikuwa wamefanya yao na kumruhusu arudi nyumbani.

Daktari alikwenda kumwona, nami nimebeba mkoba nyuma yake. Alimpima mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, akamtazama ulimi, akamgeukia Bonifasi na kumwambia kwamba Krismasi hii Mama atakwenda kanisani kwa miguu yake. Nilimwona yule mwanamume mkubwa akishika ukingo wa mlango. Daktari akaendelea kwamba kazi hiyo inataka sindano asubuhi na alasiri, kila siku, na kwa kuwa yeye hawezi kuacha wagonjwa wengine, atamwacha mwanafunzi wake hapa hapa nyumbani. Kisha akanisemesha mbele yao wote, kwa sauti yake ile ya kutangaza. "Somoe, siku Mwalimu atakapotembea kutoka kitandani hapa mpaka getini, siku hiyo na wewe utakuwa umehitimu." Nilifurahi mno. Ilikuwa mwezi wa sita, na mimi nilihesabu miezi kama mtu anayehesabu hatua za kufika sokoni.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha mninga, kabati lenye kioo, godoro langu sakafuni, na ukutani picha moja ya watoto wa shule wamesimama mistari mitatu, miguu mitupu, na yeye pembeni, kijana, amevaa gauni la mistari. Madirisha yalikuwa mawili na yote yalikuwa yamefungwa. Bonifasi aliamini kwamba upepo ndio uliompiga mama yake siku ile uani, na hakutaka umkute tena, kwa hiyo alileta fundi akapigilia mbao kwa nje. Humo ndani kulikuwa na harufu ya spiriti, mafuta ya karafuu na uji uliopoa. Saa mbili asubuhi nilichoma: utosini, begani, kwenye kiwiko, kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu kushuka mguu mzima mpaka juu ya unyayo. Nikitoa sindano nilimkanda, nikamgeuza, nikamlisha. Saa kumi nilianza upya. Ijumaa nilipewa ruhusa ya kwenda Magomeni kumweleza Daktari hali ya mgonjwa, na Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa wiki yangu.

Kufika mwezi wa nane Ijumaa nayo ikaisha. Mwalimu alikuwa akiniona navaa mtandio anaanza kulia, kilio cha mtu aliyepooza, machozi upande mmoja na mdomo umekwenda upande mwingine. Bonifasi aliniita barazani, akanikaribisha kiti, akaniambia kwamba mimi ni kama mdogo wake, na kwamba angeshukuru sana kama ningevumilia nisitoke mpaka Mama apate nafuu. Hakunikataza. Angenikataza ningeweza kugombana naye. Aliniomba, na mkewe Suzana naye aliniomba, na geti lilifungwa kwa kufuli asubuhi wanapokwenda kazini kwa sababu, walisema, tumebaki wanawake wawili peke yetu. Nilikula ndizi zao za kupika zilizokuja kwa basi kutoka kwao mbali, nzuri, zimekolea nazi, na roho yangu ilikuwa ikitaka ming'oko ya kuchemsha, mizizi yetu ya porini, na kisamvu cha nyumbani. Msimu wa korosho ulipoingia nilikuwa napanda juu ya ndoo chooni, ambako kulikuwa na tundu la hewa, nikawaona wasichana wa rika langu wakipita na mabeseni ya mabibo kichwani, wakicheka mambo yao. Niliteremka, nikarudi chumbani, nikakaa nikiutazama ule mguu.

Lazima niseme ukweli hapa, maana sikuusema kwenye msiba. Niliuchukia ule mguu. Ulikuwa mguu mzuri, mrefu, ngozi laini kuliko umri wake, na ulilala pale kama kitu cha mgeni kilichosahauliwa. Mshipa ulio hai ukichomwa, sindano huvutwa. Unasikia kwenye vidole vyako kwamba kuna kitu kimeishika upande wa pili. Begani kwa Mwalimu nilivutwa. Shingoni nilivutwa. Mguuni, kuanzia pajani kushuka, wiki baada ya wiki, ilikuwa ni ule mche wa sabuni.

Lakini maneno yalirudi. Yalirudi kwa vituko. Mwanzo kila kitu kwake kilikuwa "chaki". Uji ulikuwa chaki, kikohozi kilikuwa chaki, mimi nilikuwa chaki, na alikasirika sana niliposhindwa kuelewa ni chaki ipi anayoitaka. Nikajifunza kumsoma macho. Kisha yakaja majina, kisha sentensi fupi, na zilipokuja tu akaanza kunisahihisha. Mimi nilikuwa nimekuja na Kiswahili changu cha kwetu Mpapura, nikisema nnamwona na nnakwenda, nikichanganya na Kimakonde nikichoka. Alikuwa na mkono wa kushoto mzima, na nikikosea aligonga ubao wa kitanda mara mbili, akasubiri. Nilikuwa narudia. Akinyamaza nilijua nimepata. Alinieleza, kipande leo kipande kesho, kuhusu shule aliyoanzia kazi karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako wakati wa mpunga kuiva nusu ya darasa walikuwa mashambani kufukuza viboko, na yeye alikuwa akiwafuata huko na ubao mdogo. Wakati mwingine alasiri ilipita nikasahau kwamba geti limefungwa. Nalikumbuka hilo pia, ili nisimwonee mtu.

Krismasi ikafika, na Mwalimu hakuweza hata kukaa bila kuegemezwa. Daktari Chilumba alikuja na keki, akamshika mkono, akamwambia damu imeanza kushuka vizuri na kwamba Pasaka atakuwa amesimama. Bonifasi alimshukuru. Mimi nilimsindikiza mpaka getini, na hapo nikamwambia ninachokisikia kwenye vidole, kwamba mguuni hakuna kitu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Alinijibu kwamba mgonjwa akiambiwa hapana anakufa kabla ya siku yake, kwamba ameliona hilo kwa macho, kwa watu wake mwenyewe, na kwamba kazi yetu ni kuliacha dirisha wazi hata kama nje ni giza. Nilikaribia kucheka, kwa jinsi madirisha ya nyumba ile yalivyokuwa yamepigiliwa mbao. "Wewe choma," akasema. "Kutembea niachie mimi." Nilimwangalia akienda zake mtaani, mikono nyuma, mtu huru. Sasa nina umri aliokuwa nao siku ile na simwiti mwongo. Nimekaa mara nyingi mbele ya mama mwenye mtoto asiyepona, na uongo umekuja ulimini mtamu, umeshaiva, unangoja kutemwa tu.

Mvua zilipokolea tulijifungia zaidi. Maji yalisimama uani, mbu wakaja, na kuta za chumba zikatoa jasho. Ramadhani iliangukia humo. Nilifunga nikiwa Mwislamu peke yangu ndani ya nyumba, na kila magharibi Suzana mwenyewe alinibishia mlango na chai na muhogo wa nazi kwenye sinia, akakaa kunitazama nikifungua. Siku moja baada ya kuondoka na sinia nilimsikia jikoni, ng'ambo ya ukuta, akimwambia mumewe kwamba yule binti anakonda, kwamba wamwachie akale Idi kwao. Bonifasi akasema, si kwa hasira, kwamba mimi nikiondoka Mama atajua. Suzana akauliza atajua nini. Akamjibu, "Atajua kwamba tumekata tamaa."

Nilikaa na kipande cha muhogo mkononi. Miezi yote tisa nilikuwa nimeamini kwamba siri ile tunaijua watu wawili, mimi na Daktari. Kumbe Bonifasi alijua. Suzana alijua. Nilikuwa sichomi sindano za kutibu tena. Nilikuwa nimewekwa pale kama kifuniko juu ya sufuria, ili mtu aliyelala kitandani asichungulie ndani. Na nilikuwa nimeambiwa kwamba nitatoka siku sufuria itakapotembea yenyewe. Idi niliila Rahaleo. Suzana alinishonea gauni.

Mwalimu aliniuliza asubuhi moja wiki chache baada ya Pasaka, mvua za mwisho zikinyesha. Nilikuwa nimeshamaliza kuchoma, sindano kumi na moja, tano kati yake mguuni, na nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikisubiri dakika zipite. Alikuwa akitazama dari. Aliliita jina langu sawasawa, kwa sauti ya darasani.

"Somoe. Nitatembea?"

Watu wangapi nimewajibu swali hilo tangu siku ile, sijui. Lakini kila ninapojibu narudi kwenye kile kigoda na kujikagua upya. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, kwamba niliona mwanamke mwenye akili timamu akidanganywa ndani ya chumba chake mwenyewe na nikaona si haki. Hayo yalikuwepo. Ila kilichonijia kwanza kichwani, kabla ya huruma na kabla ya haki, kilikuwa geti. Nililiona limefunguliwa. Nikajua kwamba neno moja litanitoa humu, na ndipo nikalisema.

"Hapana, Mwalimu."

Akageuza uso ukutani. Nikatoa sindano moja moja, nikazihesabu, nikazifuta. Mchana hakula. Jioni hakula. Kesho yake alifunga meno hata kwa maji ya kijiko, na mimi nikaona kwa macho yangu lile alilosema Daktari, kwamba akiambiwa atakufa, na aliyemuua ni mimi, tena kwa sababu ya kutaka kwenda kula ming'oko. Siku ya tatu Bonifasi alinibana taratibu mpaka nikamweleza. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha baraza akaweka mikono juu ya magoti, akaniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akamfuata Daktari kwa gari.

Wakaja wote chumbani, Bonifasi, Suzana na Daktari Chilumba, na mimi nikasimama kando ya kabati, nikijiona kwenye kioo. Daktari aliinama juu ya kitanda akitabasamu. Alimwambia Mwalimu kwamba mimi bado mtoto, vidole vyangu havijakomaa, nimesoma vibaya, na kwamba mvua zikiisha tu miili hupata nguvu, mwezi wa sita atakuwa amesimama. Hapo tukasikia ubao wa kitanda. Mara mbili.

"Daktari, kaa," Mwalimu akasema.

Hapakuwa na kiti isipokuwa kigoda changu, akakaa hapo, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu alichukua muda. Maneno yalikuwa yakimjia kwa zamu na hakutaka kuyaharakisha. Alisema amelala pale karibu mwaka, na anaujua mguu wake kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye anayekaa nao. Alisema alikuwa amewauliza watu wote wa nyumba ile, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alimpa tarehe. "Nimefundisha miaka thelathini na moja," akasema. "Najua mtoto asiyejua jibu anavyoonekana. Na ninyi mlikuwa mnalijua." Bonifasi akaanza kumwita Mama. Mwalimu akamgongea ubao, na yule mtu mzima akanyamaza. Halafu akasema anayoyataka. Mguu usichomwe tena. Bega lichomwe kwa sababu linauma, na kichwa kwa ajili ya usingizi. Madirisha yafunguliwe leo. Mchana atolewe barazani mbele, watu wanaopita wamwone, kama ana mdomo wa upande basi wauone. Na kuhusu mimi alimwambia Daktari Chilumba, bila kunitazama, "Huyu amefaulu." Daktari alikuwa akiangalia viatu vyake. Alisema, "Sawa, Mwalimu."

Jioni ile ile Bonifasi alizing'oa mbao yeye mwenyewe, na nilimsikia nje akivuta pua. Upepo ukaingia, ukapeperusha chandarua. Mwalimu akaomba uji, akaumaliza. Wiki mbili zilizofuata alikaa barazani kila siku kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, na nusu ya Rahaleo ilipita kumwamkia. Walikuja watu wazima wenye mvi, wakasimama mbele yake wameshika kofia kama wanangoja kusomewa majina, na yeye aliwakumbuka wengi, akawauliza habari za kaka zao watoro. Presha yake ilishuka. Alilala usiku kucha. Kwa macho ya daktari yeyote yule alikuwa mgonjwa yule yule, na mguu ule ule.

Aliishi mpaka mwezi wa tisa. Habari nilizipata Mpapura, Bonifasi alipotuma mtu aje kuniambia, na mjumbe alisema marehemu alikuwa anakula vizuri mpaka siku tatu za mwisho, na kwamba alifia barazani, mchana, watu wakiwapo. Alisema pia kwamba alikuwa akiniulizia. Nilikwenda matangani na sikuweza kumtazama Suzana usoni, kwa sababu yeye alikuwapo asubuhi niliyoondoka na aliona nilichofanya.

Wiki zile mbili zilipoisha Bonifasi alikuwa ameshaniambia kwamba nikitaka kwenda niende, milango iko wazi, na alinishukuru kwa maneno ambayo najua yalimgharimu. Mwalimu aliposikia aliniomba nikae mpaka mwezi uishe. Siku kumi tu. Alisema bega bado, na kwamba hajamaliza kunifundisha. Ningeweza kukaa. Hakuna kilichokuwa kikiningoja nyumbani ambacho kingeharibika kwa siku kumi, na safari hii hakuna aliyekuwa amenifungia. Nikamwambia gari la Mpapura linaondoka saa tatu, kana kwamba yalikuwa hayaondoki magari kila siku. Nilimchoma bega mara ya mwisho, nikamsubiri, nikatoa sindano, nikafunga mkoba. Nilipoinama kumpa shikamoo alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, akanishika kwa nguvu ambayo sijapata kuiona kwa mgonjwa. Suzana alikuwa mlangoni na kikombe. Nilisubiri aniachie. Hakuniachia. Basi nikaweka mkoba chini, nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho, nikavilaza juu ya blanketi, nikatoka.